Kilango cha Sikitu

Kilango kilichomuua mtoto wa Manyoni kililetwa karakana asubuhi, na mimi ndiye niliyepewa kukiangalia, maana hapa kila jambo linalonuka hupelekwa kwa Eliwaza. Nikakitua chini ya hadubini. Hasira ilinipanda kabla hata sijaona kitu, kwa sababu Daktari Mbwambo alikuwa amesimama nyuma ya bega langu akihema, na pumzi ya mtu mzima kwenye kazi yetu ni masika ya mwezi mzima.

"Daktari, rudi nyuma ya mstari."

Akarudi. Ni mtu mwema, lakini ametoka safari na mtoto wa watu amekufa mikononi mwake, akasahau kwamba yuko nyumbani kwa vitu visivyopenda kupumuliwa.

Kilango ni vipande viwili tu: fremu, na jani linalolala juu yake. Ukikidondosha kwenye ungo wa ulezi, hutakiona tena maisha yako yote. Huwekwa ndani ya kichwa cha mtoto mwenye kichwa maji, penye njia iliyoziba. Maji yakizidi, jani linainuka yapite. Yakipungua, linalala. Bibi zetu waliwaona watoto hawa wakiwekewa mipira mirefu kutoka kichwani hadi tumboni, mipira inaziba, kichwa kinapasuliwa tena, na tena. Sasa mtoto anawekewa kilango kimoja na anakua nacho.

Hiki cha Manyoni jani lake lilikuwa limelala. Nikalisukuma taratibu kwa ncha, ile sindano nyembamba ya kazi yetu, likagoma. Nikalisukuma zaidi, likanepa kidogo kisha likarudi palepale, kama mtu anayekataa kuamka. Pembeni, pale jani linapokutana na fremu, kulikuwa na ukingo mwembamba unaong'aa. Nikafungulia hewa kavu ya moto. Maji yangekauka. Ukingo ule haukukauka.

Nikachota kitone chake nikaipa mashine ya kunusa iliyo pembeni ya meza. Mashine ile haina haraka. Ikafikiri, ikajibu: nyonyo.

"Nyonyo ni nini?" akauliza daktari. Mtu wa mjini huyu.

"Mafuta. Ya kupaka."

"Yamefikaje ndani ya kichwa cha mtoto?"

Nilishajua ni mikono ya nani, na mikono hiyo ilikuwa ya mke wa kaka yangu.

*

Acha nieleze kazi yenyewe, maana watu hudhani kazi ngumu ni kuokota.

Kuokota si kazi. Kitu kikishakuwa kidogo kiasi hiki, uzito wake umekufa. Ukikigeuza juu chini hakianguki. Ukikipulizia kinahamia ukutani. Kila kitu kinanata na kila kitu: kwa unyevu wa hewa, kwa umeme wa nguo, kwa kule kugusana tu. Sogeza ncha, hewa iwe na unyevu kidogo, shingo ya maji inajifunga yenyewe kati ya ncha na jani, umeokota. Hata mlevi ataokota.

Kazi ni kutua. Utamwachiaje asiyetaka kuachwa? Nchi kubwa zilileta mashine, zikaokota vizuri kutushinda, kisha zikabaki zinakung'uta mikono kama mtu aliyenatwa na karatasi ya peremende. Sisi hatukung'uti. Tunakipeleka kipande mahali panapokivuta kuliko ncha inavyokivuta. Ukifika hapo, unakausha shingo ya maji, unaondoa ncha kwa upande, nacho kinabaki kwa anayekipenda zaidi. Ndiyo maana karakana imejengwa Singida, penye upepo mkavu, na ndiyo maana tunaitwa watuaji.

Mafuta yanaharibu hesabu yote hiyo. Maji yanashika na yanaachia. Mafuta yanashika yanabaki. Kilango chenye mafuta ukikijaribu mezani kinacheza vizuri kabisa, kinapita ukaguzi. Lakini jani likilala muda mrefu bila kusumbuliwa, mafuta yanatambaa yanaziba ukingo, na siku hiyo haliinuki. Mtoto amelala usingizi mzuri, mama yake anashukuru kwamba leo halii.

Daktari alikuwa na dawa yake. Kuna sahani ya mtetemo inayowekwa kwenye paji la uso. Inatetema kidogo tu, mafuta yanavunjika, jani linainuka, na likishainuka hivyo halinati tena.

"Tuwaite wote waliowekewa vilango vilivyotengenezwa siku moja na hiki," akasema, "tuwatetemeshe wote, tumalize."

"Ukitetemesha kikavu utaua."

Akanitazama.

"Kilango kikavu kimekaa pale kwa kugusana tu," nikamwambia. "Kimeshikana na ukuta wa mfereji bila kitu katikati. Mtetemo unakibandua, kinaelea, kinaziba mfereji wote. Chenye mafuta kinanepa, hakibanduki. Mtetemo huohuo, Daktari. Huyu unamponya, huyu unamzika."

"Sasa nitamjuaje yupi?"

Huwezi kumjua kwa nje. Kilango cha kwanza cha siku ile kilibaki hapa kama sampuli, nikakipima mbele yake: kikavu. Vilango hutengenezwa safu kwa safu, na cha Manyoni kilitoka safu ya nne. Kwa hiyo kati ya safu ya kwanza na ya nne kulikuwa na dakika moja ambayo mafuta yalifika kwenye ncha. Wa kabla ya dakika hiyo wasiguswe. Wa baada yake watetemeshwe kabla hawajalala usingizi wa kufa. Na aliyejua dakika hiyo ni mtu mmoja tu.

*

Winfrida alikuwa mezani kwake akisafisha lenzi. Alipoolewa na kaka yangu hatukupendana sana mimi na yeye. Aliniona mkali, nami nilimwona mtu wa machozi ya karibu. Lakini mkono wake wa kutua ulikuwa mwepesi kuliko wangu, hilo nalikubali mbele ya mtu yeyote.

"Wifi, siku ile uliyotoka kwenye tanga la mama yako, ulijipaka mafuta ukaja kazini?"

"Sikujipaka. Nilipakwa."

Kwao, siku ya kuanua tanga, dada wa marehemu humpaka mfiwa mafuta ya nyonyo utosini, usoni na mikononi, ngozi iliyopauka kwa msiba ipate kurudi. Hayaoshwi mpaka kesho yake. Ukiyaosha siku hiyohiyo ni kama umemwambia marehemu aende zake.

"Na hukuosha."

"Mikono niliosha mpaka viwiko. Uso sikuosha. Wewe ungeosha?"

"Ningeosha."

"Ungeosha, ndiyo," akasema. "Wewe ungemwosha maiti hata kabla hajakata roho."

Siku nyingine tungecheka. Nikavuta kiti nikamwambia habari ya mtoto wa Manyoni, yote, bila kupunguza. Aliweka lenzi chini.

"Ningebaki nyumbani," akasema. "Lakini ilikuwa zamu yangu ya kumtengenezea Sikitu. Ningeikosa siku ile, ningengoja mpaka lini?"

Mtuaji mwenye mgonjwa nyumbani huruhusiwa kumtengenezea kilango kwa mkono wake mwenyewe. Sikitu ni binti yake, mtoto wa kaka yangu Jothamu. Kichwa kikubwa, shingo nyembamba, maneno mengi kuliko umri wake. Aliwekewa kilango wiki ileile pamoja na wenzake, na tangu hapo amekuwa akikimbia ua mzima akianguka na kuinuka.

"Uso haugusi ncha," nikasema. "Yalifikaje?"

"Nililia."

"Ukajipangusa."

"Nikainua barakoa, nikajipangusa kwa kidole. Kisha nikabadilisha ncha kwa glavu zilezile." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma kosa la mwingine. "Najua sheria, wifi. Usinisomee."

"Sikusomei. Nataka kujua ulilia lini."

"Safu ya nne. Mwanzoni."

Lilitoka haraka mno. Mtu akikumbuka kilio cha mama yake hakitoi kama nauli. Kilango cha Sikitu kilikuwa safu ya tatu, na kama machozi yalianza safu ya nne, basi Sikitu ni mkavu, haguswi na mtu, analala kwake. Nilimwelewa. Ningekuwa mimi, huenda ningesema safu ya kumi.

"Sawa," nikasema. "Basi watoto wa safu ya tatu tunawaacha walale."

Akaitikia kwa kichwa.

"Yule Mwanahawa naye yuko safu ya tatu. Wa kitanda cha jirani. Mama yake ndiye aliyekuwa akikupikia uji wodini ulipozidiwa na usingizi. Nikampigie nimwambie mwanao hana tatizo, alale tu?"

"Wifi, nyamaza."

"Kesho akinipigia kwamba mtoto haamki, nitakupa simu wewe uzungumze naye."

"Nimesema nyamaza."

Ni ukatili niliomfanyia, najua, na sikuona njia nyingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na mimi nilikuwa nauchezea wa kwake kama usufi kweli.

"Ilikuwa kwenye cha Sikitu," akasema.

Akainama mpaka paji likagusa meza, jambo ambalo hatulifanyi kamwe. Akaongea hivyohivyo, akiiambia meza. Alikuwa ametua fremu ya mwanawe. Akafikiria kwamba mtoto huyu atapona, atakimbia, na bibi yake aliyembeba mgongoni kila kliniki hatamwona akikimbia. Ndipo machozi yalipokuja, hayakumpa hata nafasi ya kutoka nje.

"Jani je? Ulikuwa umeshalitua, au bado?"

"Sijui."

"Winfrida. Uliibadilisha ncha kabla ya kutua jani lake, au baada?"

"Naikumbuka fremu. Nayakumbuka machozi. Jani silikumbuki." Akainua uso. "Nimekuambia yote. Hao wengine sasa unawajua. Wangu ndiye simjui."

Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Mikono yetu sisi haina mazoea hayo, na nikaona haya kuanza siku ile.

*

Walioletwa siku mbili zilizofuata walikuwa wa baada ya Sikitu. Mwanahawa alikuwa wa kwanza. Alilazwa, sahani ikawekwa kwenye paji, ikatetema muda wa kumeza mate, ikazimwa. Akalala, akaamka akiomba soda. Tulimpa. Wakafuata wengine, wakalala, wakaamka. Kila mmoja aliyefungua macho alithibitisha kwamba Winfrida alisema kweli. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kufurahi, maana kila furaha yangu ilimwacha yeye pekee mahali pale alipokuwa.

Kuhusu Sikitu, daktari alisema tungoje. Kama ni mkavu, tukimgusa tunamuua leo. Kama ana mafuta, huenda ana siku kadhaa, huenda ana miezi, huenda jani lisinate kabisa. Winfrida akakubali kungoja. Kungoja kwake kulikuwa hivi: mtoto akisinzia anamwamsha. Akilala kidogo anamketisha. Anamwimbia, anamfinya, anamnyunyizia maji usoni. Sikitu akawa analia kwa usingizi mchana kutwa. Nilipokwenda kuwapokea zamu, mtoto akaniuliza, "Shangazi, kwa nini mama ananichukia?"

"Hakuchukii. Anataka umsimulie hadithi."

"Hadithi zangu zimeisha."

Siku ya nne asubuhi Winfrida alinipigia simu akasema neno moja tu, hospitali. Nilimkuta mlangoni pa hospitali, mtoto mgongoni, kanga imelowa matapishi. Sikitu alikuwa ameamka na kichwa kinachomuuma, akatapika, akasinzia, akatapika tena. Nikamgusa paji, lilikuwa la moto. Nikasema moyoni ni jua, wametembea.

"Shangazi, zima taa," akasema. Tulikuwa nje, juani.

Daktari Mbwambo alimlaza, akamwangalia macho, akamwita jina. Sikitu aliitika mara ya tatu. Kichwa kuuma asubuhi, kutapika, usingizi mzito, kuogopa mwanga. Hayo ndiyo yaliyoandikwa juu ya mtoto wa Manyoni, na sote tuliyajua kwa moyo.

"Tumpige picha ya kichwa," nikasema.

"Mashine iko Dodoma. Kama jani limenata, hafiki Dodoma."

"Sindano ya kupima maji?"

"Inapita hapohapo kilipo kilango. Nikikosa kidogo nakibandua mimi." Alijifuta jasho. "Fundi, mimi najua kichwa. Jani unalijua wewe."

Nikamgeukia Winfrida. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameshika mguu wa mtoto, kiatu kimoja tu. Nikamwuliza mara ya mwisho, kwa upole ambao hata mimi sikujua ninao. Kabla au baada?

"Nikisema kabla, ni kwa sababu nataka mtetemeshe. Nikisema baada, ni kwa sababu naogopa," akajibu. "Hakuna ninachokumbuka tena, wifi. Kila usiku naliona jani mahali tofauti. Jothamu yuko njiani Kongo na lori lake, simu haishiki. Wewe ndiye shangazi. Sema wewe."

Kwetu shangazi ni baba wa kike. Anatoa jina, anazungumza mahari, anasikilizwa kwenye kikao. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siku moja ningesikilizwa kwa jambo hili.

Nilifikiri kama fundi, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufikiria nacho. Kilango kikavu hakiumizi kichwa. Kikavu kinafungua na kufunga mpaka mtoto anakuwa bibi. Mtoto huyu kichwa kinamuuma, anatapika, anazama. Kwa hiyo jani limenata. Kwa hiyo kuna mafuta. Kwa hiyo alilia kabla. Hesabu ilikwenda moja kwa moja, haikuwa na kona hata moja, na mimi nikaiamini kwa sababu hiyo.

"Tetemesha," nikasema.

Daktari akaweka sahani. Sikitu akafumbua macho.

"Inanitekenya," akasema.

Ikatetema, ikazimwa. Tukangoja. Winfrida alikuwa akimhesabia pumzi kwa midomo bila sauti. Rangi ya mtoto ilirudi kidogo, au nilitaka irudi. Kisha jicho moja likaenda upande wake na la pili likabaki, na mkono wa kushoto ukajikunja taratibu kifuani. Daktari alimnyakua na kitanda chake, akakimbia naye chumba cha upasuaji.

*

Daktari alitoka kabla hatujapata hata mahali pa kukaa. Kofia ya kazi aliishika mkononi. Sitayaandika maneno yake, kila mtu anajua namna yanavyosemwa.

Winfrida hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyelia, mimi mkavu, mkali, nikiegemea ukuta uliopakwa rangi ya maziwa.

Muuguzi akaja nyuma ya daktari na majibu ya damu, ile damu inayochukuliwa kwa kila mtoto anayeingizwa chumba cha upasuaji, apende asipende. Akamnong'oneza. Daktari alifumba macho, na nadhani angeweza kutuficha, lakini hakutuficha.

"Ilikuwa malaria," akasema.

Malaria. Sisi ambao mtu akikosa hamu ya chai tunamwambia kapime. Sisi ambao mtoto akitapika mara moja tu, jirani anafika na jina la dawa mdomoni. Siku hiyo hapakuwa na jirani, palikuwa na mafundi. Homa ya kawaida kabisa ilimshika mtoto paji zima na hakuna hata mmoja wetu aliyemtoboa kidole, kwa sababu sote tulikuwa tunalitazama jani.

Winfrida alisimama. Akamwendea daktari karibu sana, bila mstari, akamwuliza kwa sauti ya karakana, ile tunayoitumia tukiulizana habari za kipande kilicholala vibaya.

"Kilango umekikuta wapi?"

"Kwenye mfereji. Kilikuwa kimebanduka mahali pake."

"Kizima?"

"Kizima. Jani linacheza."

"Chenye mafuta hakibanduki," akasema.

Daktari akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Hakibanduki.

Winfrida akaniinamia pale ukutani nilipokuwa nimechuchumaa, akanishika uso kwa mikono yake yote miwili, mikono mikavu, imepauka, yenye nyufa kwenye vifundo.

"Basi nililia baada," akasema.